"Dada, mbona majani yamekuwa njano?" Leo nalijibu mara moja

Haya wapendwa, habari za huko. Leo sijajipaka kitu, sijaweka muziki, nimekaa tu hapa jikoni kwa sababu swali ni lile lile. Nikiweka video ya kufungua akaunti ya benki, swali hilo. Nikiweka video ya nywele, mtu anaandika: "Dada, nywele tumeziona, ule mche wako wa bangi nyuma mbona majani yamekuwa njano?" Basi nalijibu, na nikimaliza msiniulize tena.

Wale wa "kaenda Ulaya kuvuta bangi", karibuni, mketi mbele kabisa. Niko Ujerumani. Hapa tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima aliyeishi nchini angalau miezi sita anaruhusiwa kuotesha mimea mitatu ya bangi nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. Mitatu, sijasema shamba. Akivuna, ndani ya nyumba asizidishe gramu 50 zilizokauka, watoto wasiweze kuifikia, na asimpe mtu mwingine, hata kama zawadi. Mlioko Tanzania na Kenya, huko ni jinai, na mkikamatwa msiseme dada wa Ujerumani ndiye aliyewafundisha. Anayetaka kunifuatisha apande nyanya au pilipili hoho kwenye kopo dirishani. Karibu yote nitakayosema ya majani yatamfaa, na hakuna askari atakayemgongea mlango.

Na msidhani kwamba kuruhusiwa ni raha tupu. Mimi nakaa kwa kibali cha ukaazi, kwa hiyo mche wa nne kwangu unaweza kuzaa barua, na barua za hapa nazijua. Mwenye nyumba wangu nilimwuliza kwa ustaarabu tu kama naweza kutoboa tundu dogo la feni. Alinijibu kurasa kadhaa, harufu, unyevu ukutani, majirani, vifungu vya mkataba vimepigiwa mstari. Mwenzangu wa ghorofa ya juu anakaanga samaki kila Ijumaa na hajawahi kuandikiwa hata sentensi moja. Haya, tuyaache.

Hela sasa, maana najua mnalisubiri hilo. Shangazi yangu mmoja, simtaji, alimpigia mama akamwambia mtoto wako ana hela ya kununulia bangi taa, lakini mchango wa harusi ya binamu yake haujakamilika. Shangazi, tupige hesabu. Taa ya wati 100, miche michanga unaiwashia saa 18 kwa siku. Hiyo ni uniti 1.8 kila siku, uniti 54 kwa mwezi. Tuseme senti 40 kwa uniti, ni yuro 21 na ushee. Huku hakuna LUKU, kwamba umeme ukiisha unajua umeisha. Unalipa makadirio kila mwezi, halafu baada ya mwaka inakuja hesabu kamili, na ukiwa umezidisha unadaiwa tofauti yote kwa mkupuo. Sijisifu na silalamiki, naeleza tu. Na mchango nilituma, muulizeni mweka hazina wa kamati.

Turudi kwenye majani. Wengi mnanitumia picha iliyopigwa chini ya taa ya zambarau, jani zima limekuwa la waridi, halafu mnauliza ni ugonjwa gani. Mimi si mganga. Zima hiyo taa, peleka mche kwenye mwanga wa dirisha, ndipo uangalie. Na kitu cha kwanza kuangalia ni jani lipi limeanza, kabla hujajisumbua na rangi yake.

Mche una virutubisho unavyoweza kuvihamisha na usivyoweza. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ukivikosa, mche unavitoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machanga, ndiyo maana njaa ya vitu hivyo inaanzia chini. Chuma na kalisi zikishakaa kwenye jani hazihamishiki kirahisi, hivyo njaa yake inaonekana juu, kwenye majani mapya. Jani zima la chini likigeuka njano na kulegea, fikiria naitrojeni. Likiwa la chini bado, ila njano iko katikati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, fikiria magnesiamu. Njano ya namna hiyo hiyo ikiwa kileleni, kwenye majani yaliyozaliwa wiki hii, hapo ni chuma. Madoa ya rangi ya kutu kwenye majani mapya, yenye kingo zilizojikunja ovyo, mara nyingi ni kalisi.

Yale majani mawili ya kwanza kabisa, ya mviringo, yasiyo na meno, hayo ni majani ya mbegu. Yananjanoka yenyewe na kudondoka. Msinitumie picha zake tena.

Sasa hapa ndipo nina ugomvi na watu wa madukani. Unaingia, unasema jani njano, muuzaji hajakuuliza hata udongo wako ukoje, keshakuwekea chupa tatu kwenye kaunta. Chupa ya mizizi, chupa ya majani, chupa ya sijui nini. Mche wenyewe una urefu wa kidole! Udongo wa mifuko ule wa kawaida wa maua tayari una mbolea ya kutosha wiki kadhaa za mwanzo, na kwa mche mchanga wakati mwingine ni mwingi kupita kiasi. Ukiongezea chupa, jani linakuwa kijani kizito cha kung'aa, ncha zinajikunja kwenda chini kama kucha za mwewe, kisha ncha zile zinaungua na kuwa kahawia. Hiyo ni shibe, na dawa yake ni kuacha kulisha. Mimi miche naianzia kwenye udongo wa kuoteshea mbegu, ule hafifu, lakini kila mtu na nyumba yake.

Ukiniuliza mimi, kabla ya chupa yoyote nyanyua kopo. Ndiyo, linyanyue tu. Kopo zito, udongo umelowa, na majani yameinama lakini ukiyagusa yamejaa, magumu kidogo, yamejipinda kuanzia kwenye kikonyo: umemwagilia kupita kiasi na mizizi haipati hewa. Kopo jepesi na majani yameinama yakiwa membamba, teketeke: mche una kiu. Kwa mbali hali hizo mbili zinafanana, ndiyo maana watu wanaona mche umeinama, wanaongeza maji juu ya maji. Baada ya hapo unakuja ugonjwa wa kinyausi, shina linasinyaa pale pale linapogusa udongo, mche unalala, na huo haufufuki.

Ukimwagilia sana wanakuja pia vijinzi vyeusi vidogo vinavyoruka ukigusa kopo. Wale wanaoruka si shida kubwa, shida ni mabuu wao wanaokaa udongoni na kutafuna mizizi laini. Acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, weka karatasi za njano zenye gundi. Bei yake haifiki hata ya chupa moja.

Halafu kuna maji yenyewe. Angalieni hili birika langu, mnaona huu utando mweupe? Hiyo ni chokaa. Hapa maji yakizidi nyuzi 14 za kipimo cha Kijerumani cha ugumu wa maji, yanahesabiwa magumu, yaani yana chokaa nyingi, na miji mingi, Berlin ikiwemo, iko huko. Unamwagilia maji hayo wiki baada ya wiki, pH ya udongo (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu unapungua) inapanda taratibu. Kwenye udongo bangi inataka pH kama 6 hadi 7, ukiotesha bila udongo, kwenye maji yenye virutubisho au nyuzi za nazi, 5.5 hadi 6.5. Ikipanda juu ya hapo, chuma kipo kwenye udongo lakini mizizi haiwezi kukichukua. Jani la juu linanjanoka, wewe unaongeza mbolea, chumvi zinazidi kurundikana, jani linazidi kunjanoka. Nunua kipimo cha pH, hata kile cha matone, kabla hujanunua chakula. Na kulaza maji usiku kucha kwenye ndoo hakutoi chokaa, msidanganyane. Changanya na maji ya mvua kama una pa kuyakingia.

Majani yakiwa yamejikunja kwenda juu, kingo zote mbili, na ni yale yaliyo karibu na taa tu, sogeza taa mbali. Yakiwa yamepauka hadi karibu meupe, sogeza zaidi. Mche ukirefuka na kuwa mwembamba unayumba, hapo kinyume chake, mwanga hautoshi.

Mwisho, geuza jani. Wengi hamgeuzi. Majira ya baridi hita zinawaka mchana na usiku, hewa ndani inakauka, na utitiri mwekundu unapenda hewa hiyo kuliko sisi. Juu ya jani unaona vidoti vidogo vyeupe au njano, kama mtu kachoma sindano, chini yake wadudu wenyewe, na wakishazidi unaona tando. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuwaona wakitembea. Ukiona michirizi ya fedha na vinyesi vidogo vyeusi juu yake, hao ni thiripi, wadudu wengine wadogo wembamba. Mche huo utenge leo leo, uoshe chini ya majani, halafu kagua na jirani zake.

Na jani lililokwisha haribika halirudi kijani hata ukirekebisha kila kitu. Nusu ya mnaonilalamikia kwamba "dada nimefanya ulivyosema haijasaidia" mnaangalia jani lile lile la zamani. Angalia linalochipua sasa, kama ni zuri, umefaulu. Fanya badiliko moja, subiri siku chache, ndipo ufanye jingine. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi kwenye hii chumba yangu yenye dirisha linalotazama ukuta. Wewe mwenye balkoni ya jua hesabu zako ni nyingine.

Wale mnaoniandikia kule inbox niwatumie mbegu ndani ya kadi ya sikukuu, jibu ni hapana, na msiniandikie tena habari hiyo, simu yangu ina jina langu kamili.