Hamu huja nyuma

Habari za jioni. Mtu mwenye sonona huambiwa "jikaze" mpaka neno lenyewe linamchosha. Wanaomwambia hawana nia mbaya. Ila "jikaze" haimwelekezi afanye nini saa nne asubuhi, akiwa bado kitandani.

Mwaka 1996, mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake huko Marekani waliigawa vipande tiba ya utambuzi na tabia, ile aliyoiasisi daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960. Ndani yake kuna kuyachunguza mawazo, na kuna kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Je, shughuli peke yake zinatosha? Waliopewa hiyo tu walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Mimi mwenyewe niliposoma hayo mara ya kwanza niliona ni rahisi mno. Kisha mwaka 2016, Uingereza, utafiti wa watu 440 ulionyesha kuwa wahudumu wa ngazi ya chini waliofundishwa tiba ya shughuli hawakuzidiwa na wanasaikolojia waliotoa tiba nzima. Na gharama ilipungua.

Sababu ni hii: sonona humfanya mtu ajitenge. Akikataa mwaliko, hapo hapo anapumua. Nafuu hiyo ndogo ndiyo mtego, maana kesho atakataa tena, na vilivyokuwa vikimpa faraja vinapotea kimoja kimoja. Akingoja hamu imrudie ndipo ainuke, atangoja sana.

Tunaanza na karatasi yenye mistari ya saa. Andika ulichofanya na hali ya moyo, 0 hadi 10. Tuseme mtu ameapa kwamba siku yake yote ni giza. Karatasi inasema: saa tatu, nimelala natazama dari, 1. Saa nne, simu, 1. Saa tano, nimemwagilia maua, 3. Tatu si furaha, lakini si moja! Kesho saa tano tunapanga maua tena, dakika kumi, atake asitake. Kumi tu, saa nzima itamshinda.

Sonona ikiwa kali, dawa huongezwa. Na anayezungumzia kujiua hapewi karatasi aende nayo nyumbani. Anafikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Karatasi zipo mezani, chukueni. Msizijaze usiku kwa kumbukumbu. Moyo wenye sonona ukiikumbuka siku, huzifuta zile tatu.