Chuo Ambacho Mtoto Hakukichagua

BABA IDDI: Wasikilizaji wetu, habari za huko mliko. Sisi tuko Sinza kama kawaida. Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo mkisikia magari yanachapa maji hapo nje mtuvumilie. Mama Zawadi, umeamkaje?

MAMA ZAWADI: Salama, Baba Iddi. Leo nina jambo, limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

BABA IDDI: La zile buti.

MAMA ZAWADI: La zile buti. Nyuma ya mlango wa jiko langu kuna buti za mpira, za kijani, namba 38. Ndani nimeandika jina la Zawadi kwa kalamu ya wino mzito. Nilizinunua Kariakoo siku ile ile niliposikia amechaguliwa Sokoine, Uhandisi wa Kilimo. Mpaka leo hazijakanyaga tope.

BABA IDDI: Maana alichaguliwa vyuo viwili.

MAMA ZAWADI: Sokoine kule Morogoro, na Ardhi hapa hapa Dar, Usanifu Majengo. Na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka uthibitishe kimoja. Namba ya siri inaingia kwenye simu, unaijaza kwenye akaunti yako ya udahili, umemaliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akanyanyua uso, "Mama, nimethibitisha Ardhi." Nikamwambia hongera mwanangu. Halafu nikaingia jikoni, nikawasha gesi, wala sina cha kupika.

BABA IDDI: Pole.

MAMA ZAWADI: Unajua tulishakwenda kule, mimi na yeye, kabla hajaomba. Treni ya umeme, hata saa mbili hazikutimia. Unashuka Morogoro, milima ya Uluguru hiyo hapo, mawingu yameikalia mabegani. Lakini kilichonimaliza ni Mazimbu.

BABA IDDI: Kampasi ya Solomon Mahlangu.

MAMA ZAWADI: Ndiyo. Wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walianzisha shule yao pale mwaka 1978, wakaipa jina la yule kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Watoto waliokimbia kwao walisomea pale. Mwaka 1992 wakayakabidhi yale majengo kwa Tanzania, Sokoine wakayapata. Makaburi yao bado yapo. Zawadi alipita kaburi kwa kaburi anasoma majina, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikasema moyoni, mwanangu atasoma mahali penye uzito. Basi mimi nikawa nimeshamhamishia kule. Nilishamwona jioni anarudi kutoka shambani, buti zina tope mpaka kwenye kifundo.

BABA IDDI: Mimi yangu ilianza kabla Iddi hajajua kusoma. Nilikuwa kondakta, gari inapita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila siku. Wanafunzi wanapanda na madaftari yao, wanabishana siasa mpaka gari zima linanyamaza kuwasikiliza. Mimi niliishia darasa la saba. Mwanangu atasoma hapa, nilisema. Unaikumbuka noti ya shilingi 500, ile ya karatasi?

MAMA ZAWADI: Kabla ya sarafu.

BABA IDDI: Sarafu ilikuja 2014. Ile noti ya 2010 ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa pale Mlimani na wahitimu wamevaa majoho. Nikaweka moja, mpya, haina mkunjo, katikati ya Msahafu wangu. Nilitaka nimpe siku ya kuripoti Mlimani. Iddi akapata Mlimani, akapata na Dodoma. Akachagua Dodoma.

MAMA ZAWADI: Ulimuuliza kwa nini?

BABA IDDI: Alisema kozi ya kule ndiyo aliyoitaka. Sikuwa na la kujibu, kozi anaijua yeye. Lakini Benki Kuu walipotangaza kuziondoa noti za zamani na hiyo ikiwemo, mwisho wa kubadilisha tarehe 5 Aprili 2025, mimi sikuipeleka. Sasa haununui nayo hata kiberiti. Ipo pale pale kwenye Msahafu.

MAMA ZAWADI: Iddi anajua?

BABA IDDI: Hajui. Naogopa ataona kama nimemnunia.

MAMA ZAWADI: Sasa hapo ndipo nilipokosea mimi, ngoja nikwambie. Nafasi aliyoiacha Zawadi haikulala bure. Wanaothibitisha kwingine wanaacha viti, na dirisha la pili linafunguliwa. Kijana wa jirani yangu akapata Sokoine dirisha hilo. Nilifurahi kama nimemzaa. Nikamtolea buti, mguu wake namba 43.

BABA IDDI: Hazikuingia.

MAMA ZAWADI: Hata vidole. Lakini nikawa nampigia simu. Leo mmesoma nini, mlima unaonekana, chakula kikoje. Siku moja Zawadi yuko mlangoni ananisikia. Akaniambia kwa upole, "Mama, mimi chuo changu hujawahi kuniuliza hata rangi ya geti."

BABA IDDI: Lo.

MAMA ZAWADI: Na ni kweli! Morogoro nilipanda treni. Ardhi ni daladala tu kutoka hapa, majirani na Mlimani, miezi mitano sijakanyaga. Baba Iddi, mtu aipende Mazimbu yake, hakuna ubaya. Ila mimi nilikuwa namlipia Mazimbu kwa fungu la Zawadi.

BABA IDDI: Ukaenda?

MAMA ZAWADI: Jumamosi hiyo hiyo. Akanipeleka kwenye chumba chao cha kuchorea. Meza ndefu, vipande vya boksi gumu chini, harufu ya gundi. Kidole chake cha shahada kina plasta, amejikata na wembe. Akanionyesha nyumba aliyoijenga, ukubwa wake kama kasha la viatu. Ina baraza. Nikamuuliza, mbona baraza umeliweka upande huu? Akasema upepo wa bahari unaingilia hapa, na mvua inapigia kule, kwa hiyo bibi atakaa hapa hata masika. Alikuwa amemfikiria bibi yake mzaa baba, aliyezoea kukaa nje. Ngazi zake, kila moja nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Nilipiga magoti sakafuni nikachungulia dirishani.

BABA IDDI: Ukaona nini?

MAMA ZAWADI: Ameweka mlango wa jiko. Unafunguka na kufungwa. Nimeufungua na kuufunga mpaka akaniambia, mama, taratibu, gundi haijakauka.

BABA IDDI: Iddi anashuka Ijumaa. Nitaufungua ule ukurasa wa Msahafu mbele yake.