Mafua, G6PD na damu inayovunjika: mkosaji ni dawa au kirusi?

BARAKA: Haya wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Baraka, na mwenzangu mfamasia, dada Zuhura, keshajikalia na kikombe chake cha tangawizi. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka Muscat, Oman, mama wa Kizanzibari anayeishi huko. Mwanawe wa kiume ana upungufu wa G6PD, kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, sawa na baba yake. Anasema mtoto akishikwa mafua makali, yeye hashiki dawa bila kutetemeka. Anauliza: nimpe nini, nimnyime nini?

ZUHURA: Ahsante mama. Nitakujibu, ila kwanza niligeuze swali lako. Wenye upungufu huu wamefundishwa kuogopa dawa na yale maharage ya ful, na ni haki yao. Kinachosahaulika ni ugonjwa wenyewe. Homa, nimonia, mafua makali, vyote vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu hata kama mtoto hajameza kidonge.

BARAKA: Hata kimoja?

ZUHURA: Hata kimoja. Sasa mtoto akiumwa Jumatatu, Jumanne akapewa dawa, Alhamisi macho yakawa ya manjano, nani analaumiwa?

BARAKA: Dawa. Na aliyeiuza.

ZUHURA: Mimi huyo! Kumbe pengine damu ilianza kuvunjika kabla hamjafika dukani.

BARAKA: Hebu tushuke chini kidogo. Hicho kimeng'enya kina kazi gani?

ZUHURA: Chembe nyekundu inabeba oksijeni, na oksijeni ina ukali wake. Ili isiumizwe na mzigo inaoubeba, chembe inaweka akiba ya kitu kinaitwa glutathioni, na glutathioni ikishatumika lazima ihuishwe. Hapo ndipo G6PD inapohitajika. Seli nyingine mwilini zina njia za pembeni, chembe nyekundu haina. Tena haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Ilichotoka nacho kwenye uboho ndicho inachokwenda nacho siku 120 mpaka inakufa.

BARAKA: Yaani kijana kapewa mtaji mara moja, kaambiwa usirudi tena hapa.

ZUHURA: (anacheka) Ndiyo, na mwenye upungufu kapewa mtaji kiduchu. Siku za kawaida mambo yanakwenda, anaweza kuzeeka bila kujua. Akiingiwa na kirusi, chembe nyeupe zinamwaga kemikali kali kupambana nacho, na chembe nyekundu zilizo jirani zinaumia. Akiba ikiisha, himoglobini inagandana vibonge vibonge na kunata kwenye ukuta wa chembe. Damu ikipita kwenye bandama, vile vibonge vinanyofolewa. Ukitazama kwa darubini unaziona chembe zimemegwa pembeni, meno matupu. Nyingine zinapasukia humo humo mishipani.

BARAKA: Na sisi wa nyumbani tusio na darubini?

ZUHURA: Mkojo. Ukitoka wa rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi iliyokolea, usingoje kukuche. Tazama pia weupe wa macho, viganja na midomo kama imepauka, na kama mtoto anahema haraka kuliko homa inavyostahili. Na usitegemee siku ya kwanza tu, siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kukaa macho.

BARAKA: Tulipokuwa kwenye korona, mwaka 2020, watu walikuwa wanasaka klorokwini kama dhahabu. Wengine wanapiga nyungu, wengine wanatafuta vidonge.

ZUHURA: Klorokwini ile ile chungu ya utotoni, inayowasha mwili mzima! Tanzania iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ghafla ndugu yake, haidroksiklorokwini, akawa nyota. Marekani waliiruhusu kwa dharura mwezi Machi 2020, wakaifuta ruhusa Juni mwaka huo huo baada ya kuona haiponyeshi UVIKO. Katikati hapo zikaja ripoti za wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walioishiwa damu. Kila mtu akanyooshea kidole dawa.

BARAKA: Na haikuwa dawa?

ZUHURA: Wengine walikuwa wameipewa, sikatai. Ila zipo ripoti ambazo madaktari wenyewe walisema aliyewasha moto ni kirusi. Iko ya Uingereza, 2020, mgonjwa wa asili ya Karibiani ambaye hakuwa anajijua kabisa kama ana upungufu. Aligundulika kwa sababu ya UVIKO. Na kwa kipimo cha kawaida, klorokwini haimo kwenye kundi la dawa hatari kabisa kwa watu hawa. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, ndiyo yenye sifa hiyo. Ndiyo iliyofichua ugonjwa wenyewe: gereza la Stateville kule Illinois, Marekani, wafungwa wakijaribiwa dawa za malaria, baadhi ya weusi wakaishiwa damu. Mwaka 1956 ndipo watafiti wakajua ni kimeng'enya hiki.

BARAKA: Kwa wafungwa. Mmh.

ZUHURA: Hilo lina kipindi chake, Baraka, leo tutachelewa. Kuna jambo nataka wauguzi wanaotusikiliza walishike. Mgonjwa kaja na kifua, umembana kidole na kile kipimo cha oksijeni, kinasoma 85. Umemwekea oksijeni, bado 85. Unaongeza, 85. Lakini haonekani kukata pumzi kiasi hicho.

BARAKA: Mashine mbovu.

ZUHURA: Au methemoglobini. Himoglobini imeharibiwa, haibebi oksijeni tena, na kile kipimo kinadanganyika, kinaganda hapo hapo kwenye 85. Ukivuta damu unaiona ya rangi ya chokoleti. Yule mgonjwa wa Uingereza alikuwa nayo pia. Dawa yake iliyozoeleka ni methilini bluu. Kwa mwenye upungufu wa G6PD, hiyo methilini bluu haipati nguvu ya kufanya kazi, halafu inavunja damu zaidi. Unaona mtego ulivyo?

BARAKA: Kwa hiyo ulize kwanza.

ZUHURA: Uliza kwanza, pima kwanza. Na tukirudi kwenye virusi, Wataiwan waliwahi kuonyesha mwaka 2008 kwamba seli zenye upungufu huu zinazalisha kwa wingi zaidi kirusi cha 229E, aina ya korona inayoleta mafua ya kawaida. Ila ile ni maabara, ndani ya vyombo. Nisikie mtu kesho anasema wenye upungufu wa G6PD wote watakufa na mafua, nitamtafuta.

BARAKA: Mama wa Muscat anasubiri dawa.

ZUHURA: Paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito, mpe, haina shida. Maji mengi. Vitamini C ya kidonge cha kawaida au ndimu, hewala, ila zile chupa kubwa za kudungwa mshipani, hapana. Antibiotiki kwa mafua ya kirusi hazina kazi hata kwa asiye na upungufu huu. Na kwa Mungu, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini wadudu wasile, vitoke ndani ya nyumba. Blanketi la mtoto likifungwa navyo, harufu tu inatosha kumvunjia damu.

BARAKA: Hina je? Huko Ghuba hawakosi.

ZUHURA: Mtoto mchanga mwenye upungufu asipakwe. Kuna waliolazwa hospitali kwa hina ya mkononi. Halafu, mama, ukipima wakati damu inavunjika, jibu linaweza kuja "sawa" na si sawa. Chembe kuukuu zimeshakufa, zimebaki changa zenye kimeng'enya kingi. Rudia baada ya miezi mitatu hivi.

BARAKA: Mwishoni alisema mumewe anajilaumu kwamba ndiye aliyemrithisha kijana.

ZUHURA: Mwambie apumzike. Upungufu uko kwenye kromosomu X, na baba hampi mwanawe wa kiume X, anampa Y. Kijana kaupata kwa mama.

BARAKA: Lo! Sasa umehamisha kesi.

ZUHURA: Hakuna kesi. Oman takriban mwanamume mmoja katika wanne anao, na sisi wa pwani tunao wengi, kwa sababu malaria kwa karne nyingi iliwapendelea wenye kasoro hii. Mama anaweza kuubeba bila dalili yoyote. Ila alisema kijana ana dada, sivyo?

BARAKA: Ndiyo, wa miaka mitatu.

ZUHURA: Huyo ndiye apimwe. X ya baba anayo lazima, akiwa kachukua na ile ya mama yenye kasoro, atakuwa na upungufu kamili sawa na kaka yake. Na watu wengi hawampimi mtoto wa kike, wanasema ni ugonjwa wa wanaume.

BARAKA: Mama, umesikia. Tutumie majibu, tutayasoma hapa hapa ukituruhusu.