Ukidisko Marekani unarudishwa nyumbani? Leo nawajibu

Haya jamani, hamjambo. Leo nakaa nalijibu hili swali maana kila nikiposti, hata nikiposti ugali, chini nakuta "dada nimepata barua ya kudisko, nafanyaje na viza ya masomo", yaani chuo kimemfukuza kwa kufeli. Na najua nikiongea kuna watakaosema najishaua niko Texas na wengine watasema nalialia wakati nimepata bahati, semeni tu, mimi naongea na yule ambaye saa hizi halali.

Mimi nilidisko. Semista mbili mfululizo niko chini ya GPA (wastani wa alama) ya 2.0, ya kwanza wakaniweka probesheni, yaani chini ya uangalizi, ya pili ikaja barua. Baba alifariki mwezi wa kumi nikiwa huku na sikuweza kwenda kuzika, nauli sina. Rufaa nimeandika kurasa tatu za kulia, wakakataa, kwa sababu kamati haitaki machozi, inataka karatasi na inataka kujua nini kimebadilika ili usifeli tena. Cheti cha kifo nimekiomba nyumbani kimechukua wiki tano, huyu anasema ofisini wamesema njoo kesho, huyu anasema hela ya nauli imeisha, kimefika rufaa imeshafungwa. Halafu haohao kwenye grupu la familia wakaandika nimekula ada ya ukoo. Hilo sijalisahau, nasema ukweli.

Sasa sikilizeni kitu kimoja ambacho mimi nilichelewa kukijua. Zile siku 60 za kujipanga kabla ya kuondoka nchini mnazozisikia ni za aliyemaliza masomo, aliyedisko hana. Kwa hiyo ukishaona matokeo yananuka, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla barua haijatoka, waombe wahamishe rekodi yako ya SEVIS, ule mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwenda chuo kingine ikiwa bado hai. Komyuniti koleji nyingi, vile vyuo vya miaka miwili, zinapokea mtu aliyefukuzwa, ada yake ni ndogo, na GPA kwa kawaida unaanza upya, ila zile D zako usitegemee watazihesabu. Na rekodi ikihama ikiwa hai hulipi tena ile ada ya dola 350 ya SEVIS. Ukiomba mwenyewe kujitoa, na ofisi ikakubali, una siku 15 za kuondoka nchini, na kurudi baadaye kunakuwa na unafuu. Rekodi ikishafungwa ndio unaingia kwenye fomu ya I-539 kuomba kurudishiwa status, yaani uhalali wako wa kukaa nchini kama mwanafunzi, ada ni mamia ya dola na unatakiwa uwe hujapitisha miezi 5 tangu uipoteze, na miezi ya kusubiri majibu hata usingizi hupati.

Kilichonitesa ni hela. Chuo kipya kinataka benki stetimenti upya kuonyesha nani atakulipia, na mlipaji wangu ndio tumemzika. Chuo cha zamani kimeshikilia transkripti, karatasi ya matokeo yangu, kwa deni la dola 1,900. Na kazi ya kantini ya chuo, masaa 20 kwa wiki, ilikufa siku ileile niliyodisko. Mama aliuza kiwanja. Alikiuza bila kuniambia, nikajua hela ishaingia.

Kama ulikuwa unaumwa sema mapema, daktari akiandika barua ofisi inaweza kukuruhusu upunguze masomo na status isiharibike. Watu wanaficha ugonjwa mpaka wanafeli yote.

Haya ni yangu mimi, sio mwanasheria, chuo chako kina taratibu zake na mwingine kurudi nyumbani kumemfaa kuliko kubaki, siwezi kukuchagulia.

Yule mdogo wangu uliyeniandikia jana usiku kwamba una mpaka Ijumaa: usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi wakifungua mlango wewe uwe pale, na pasipoti, I-20 (ile fomu uliyopewa na chuo ya kuombea viza) na jina la chuo unachotaka kuhamia. Ukitoka hapo niandikie, hata iwe usiku nitajibu.