Maiki Nane, Saa Moja
(Mhadhara kwa vijana wanaorekodi muziki nyumbani, Unguja)

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kulizima lile feni la juu. Najua joto, lakini maneno yakiisha tutarekodi hapa hapa, na feni halina adabu: linaingia kila maiki bila kupiga hodi.

Hawa wazee wetu wa kidumbak, ile taarabu ya ngoma, mnawaona pale pembeni. Kuna fidla, kuna sanduku lenye uzi linalotoa besi, vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na mwimbaji. Swali nililoletewa ni hili: nitawarekodije wote kwa pamoja, sebuleni, kwenye laptopu, huku kila mmoja akibaki na traki yake, yaani njia yake peke yake ya sauti, ili kesho nikitaka kupunguza cherewa nisimpunguze na mwimbaji?

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alipokwenda Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi, swali hilo halikuwepo. Sauti zote ziliingia njia moja zikachorwa kwenye nta. Ukitaka udi usikike zaidi, unamsogeza mpiga udi karibu na maiki. Miksi ndiyo hiyo, na ikishachorwa imechorwa. Mashine ya tepu yenye traki nane Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, aliipata mwaka 1957 kutoka kampuni ya Ampex ya Marekani, akaifunga nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unarekodi chumbani, mwambie mambo haya yalianzia chumbani.

Sasa nikusimulieni kosa langu. Zamani kidogo nilikuwa na maiki mbili za USB, zile unazochomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikasema, moja ya mwimbaji, moja ya ngoma, yamekwisha. Nafungua Audacity, programu ya kurekodia, nakuta inanitaka nichague kifaa kimoja tu cha kurekodia. Nikajiona mjanja: nikafungua programu mbili, kila moja na maiki yake. Na kidumbak mnakijua, hakipumui, wimbo unamezwa na wimbo. Wakapiga dakika 20 bila kusimama.

Usiku nikaziweka traki mbili pamoja, nikazilinganisha mwanzoni. Safi kabisa. Dakika ya 5, safi. Dakika ya 12 nikaanza kukunja uso. Kufika mwisho kila pigo la dumbak linasikika mara mbili, ta-ta, ta-ta, kama mtoto anayemwigiza baba yake. Nikamlaumu mpigaji! Nikasema mzee leo mkono mzito. Mzee wa watu hana kosa hata chembe.

Kosa ni la saa. Kila kifaa kinachogeuza sauti kuwa tarakimu kina saa yake ndani, kijiwe cha kwatsi kama kile cha saa ya mkononi. Saa hiyo ndiyo inayosema "chukua, chukua, chukua", mara 48,000 kwa sekunde. Lakini hakuna vijiwe viwili vinavyotetemeka sawasawa. Kaa Mji Mkongwe magharibi ikiingia: msikiti huu umeanza adhana, ule wa nyuma unafuata, wa tatu ndiyo kwanza unakohoa kwenye spika. Hakuna aliyekosea, kila mmoja katazama saa yake.

Tupige hesabu. Tuseme kijiwe kimoja kimemzidi mwenzake kwa sehemu 50 katika milioni. Ni kitu kidogo mno, kwa saa ya ukutani usingekijua. Lakini dakika 20 ni sekunde 1,200, na humo tofauti inafika milisekunde 60. Sauti hewani inakwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 60 ni kama dumbak moja iko hapa na nyingine iko mita 20 kule, ng'ambo ya barabara. Sikio linalijua hilo mara moja. Wala kulinganisha mwanzo hakusaidii, kwa sababu pengo linakua kila dakika.

Ndiyo maana nawaambia, kabla hujauliza una maiki ngapi, uliza una saa ngapi. Jibu liwe moja.

Njia iliyonyooka ni saundi kadi moja ya nje, kile kisanduku kinachopeleka sauti za maiki kwenye kompyuta, yenye matundu ya kutosha, manne au manane. Maiki zote zinaingia humo, saa moja inazihesabia zote, kompyuta inaona kifaa kimoja. Kwenye Windows mtatumia draiva ya ASIO, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, iliyotengenezwa na kampuni ya kadi yenyewe. Wenye Mac, ipo programu ndogo, Audio MIDI Setup, inayoweza kuunganisha vifaa viwili vionekane kimoja. Kimoja unakifanya bwana wa saa, kile cha pili unakitia alama ya kurekebisha mkengeuko. Inafanya kazi. Kwa jambo la dharura nitaitumia, kwa albamu nzima nitatafuta kadi moja.

Na hapa tahadharini na dukani. Mimi niliuziwa mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli 12, "ina USB, bosi, inarekodi zote". Nimefika nyumbani, naona kwenye kompyuta zinaingia mbili tu, kushoto na kulia, zote 12 zimeshachanganywa kama urojo. Mikisa nyingi za bei ya chini ndivyo zilivyo. Hapo umerudi Bombay 1928. Usihesabu matundu ya kuingilia, soma kwenye boksi ni chaneli ngapi zinazokwenda kwenye kompyuta.

Mambo ya ndani ya programu nitayapita haraka. Rekodi kwa biti 24, hicho ni kipimo cha undani wa kila sampuli ya sauti, na usisukume sauti mpaka taa iwe nyekundu: kilele kikicheza kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, kinatosha, utaongeza baadaye. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuishughulikia, iweke kubwa, sampuli 1,024. Watu wanaogopa bafa kubwa kwa sababu inachelewesha sauti, lakini wazee hawa wanasikizana kwa masikio yao, hakuna anayemsubiri mwenzake kupitia kompyuta. Bafa ndogo ni ya anayevaa hedifoni na kuimba juu ya traki iliyokwishapigwa. Na diski: traki nane kwa 48,000 na biti 24 zinakula megabaiti 69 kila dakika, saa nzima ni zaidi ya gigabaiti nne. Angalieni nafasi kabla ya bwana harusi kufika, si baada.

Chaja ikileta mvumo, ichomoe, rekodi kwa betri. Umeme ukikatika katikati utakuja kunishukuru.

Chumba ndicho kinachotaka akili. Maiki ya fidla haisikii fidla peke yake, inasikia na dumbak. Hilo huliondoi, unalipunguza. Kanuni ya mafundi ni moja kwa tatu: maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye fidla, maiki ya jirani iwe sentimita 90 au zaidi kutoka kwenye maiki hiyo. Cherewa muwekeni mbali na mwimbaji. Ule mchakacho ni mwembamba lakini unapenya popote, na ukishaingia kwenye maiki ya sauti hautoki. Sanduku mimi naliwekea maiki moja tu. Niliwahi kuweka mbili, moja kwenye tundu na moja juu kwenye uzi, na besi ikapotea yote, kwa sababu wimbi la huku lilikuwa linapanda wakati la kule linashuka. Ukikutwa na hilo, geuza mwelekeo wa wimbi kwenye traki moja, kuna kitufe chake, usikilize besi ikirudi.

Naam, kijana kule nyuma? Anasema hana kadi, wana simu tatu tu. Nzuri. Simu tatu ni saa tatu, lakini dawa ipo. Kila simu irekodi kivyake, ziwe katika hali ya ndege. Kabla ya wimbo mtu mmoja asimame katikati apige kofi moja kali. Wimbo ukiisha, msizime! Apige kofi la pili. Wengi wanapiga la kwanza tu, kisha yanawakuta yale ya mzee wangu wa dumbak. Kwenye kompyuta linganisha kofi la kwanza katika traki zote, halafu nenda mwisho. Utaona makofi yamepishana. Shika ncha ya traki, ivute au ibane mpaka kofi la pili nalo likae pamoja. Programu ya kurekodia ya Reaper inafanya hivyo vizuri, na kwa kiasi kidogo namna hii hakuna atakayesikia kwamba umevuta.

Tena tufanye hivyo sasa hivi. Saundi kadi ile pale na maiki nane, na simu zenu tatu ziwekeni juu ya meza, tutazilinganisha. Mzee wa sanduku, sogea nusu hatua kwangu. Hapo hapo. Wewe kijana uliyeuliza, njoo katikati upige kofi, na ulipige kama la mtu aliyeshinda kesi.