Mkongo Umefika Getini, Data Bado Inapanda Basi

Ndugu zangu, habari za mkongo wa intaneti mnazijua. Tangu ule wa baharini wa SEACOM utue Dar es Salaam mwaka 2009 tumezisikia kwenye kila warsha, sizirudii. Neno langu ni lile lile: mpango wa mtandao wa utafiti, ule wa kuunganisha vyuo na maabara, uanzie mezani kwa mtafiti.

Nimewahi kumpokea kijana stendi usiku, ametoka Nyanda za Juu Kusini. Kifuani amekumbatia hotipoti. Akaifungua: diski ya terabaiti moja, imeviringishwa kanga. Vinasaba vya mahindi, kazi ya msimu mzima. Nikamuuliza, mbona hukutuma? "Mwalimu, nilijaribu."

Hebu tupige hesabu. Terabaiti moja ni biti trilioni 8. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, laini ukiwa nayo peke yako, ni siku 9 na ushee. Basi limemfikisha siku hiyo hiyo! Kwa gigabiti 1 ni saa mbili na robo hivi. Na gigabiti hiyo chuoni kwao ilikuwepo, imekomea kwenye kabati karibu na geti. Kutoka hapo hadi maabara ni waya mkuukuu wa shaba na swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, iliyojaa vumbi.

Kuna atakayesema: si mnunue bando kwenye kampuni ya simu? Hapana! Mtandao wa biashara umepangiwa watu wengi wanaovuta vitu vidogo vidogo. Mtafiti anasukuma mzigo mmoja mkubwa kwa saa nyingi. Data husafiri vipande vipande, tunaviita pakiti; chache zikipotea, kompyuta inayotuma hudhani njia imejaa, inapunguza mwendo. Barabara tupu, gari linatambaa.

Marekani, NSFNET ya 1986, mtandao wao wa utafiti, ilianza na kilobiti 56 kwa sekunde, ikazidiwa. 1988 wakaipandisha hadi megabiti 1.5. Lakini waliipanga kwa ngazi tatu: uti wa mgongo, yaani njia kuu ya nchi nzima, mitandao ya kanda, mitandao ya vyuo. Sisi tunachora uti wa mgongo, tunakunja ramani.

Umeme, mishahara ya mafundi... mwenyekiti ananionesha saa. Ukuta wa usalama wa mtandao, unaokagua kila pakiti, nao unakaba mwendo. Data za maabara zipewe njia ya pembeni yenye ulinzi wake. Na mkiletewa mchoro mwingine wa mtandao wa taifa, ulizeni kabla ya kupiga makofi: swichi ya maabara iko kwenye bajeti ya nani?