Maji Yanatoka Kidogo Kwenye Fleti? Anza na Ndoo, Usianze na Pampu

Karibuni tena. Bomba letu la leo ni hili la jikoni. Nalifungua mpaka mwisho, na kinachotoka ni hicho unachokiona. Uzi. Kabla hujampigia fundi, na kabla kabisa hujanunua pampu, tafuta ndoo ya lita 10 na simu ya kuhesabia sekunde.

Kinga ndoo, fungua bomba lote, hesabu. Yangu imejaa kwa dakika mbili na nusu, yaani lita 4 kwa dakika. Bomba la sinki likikupa lita 6 kwa dakika, halina ugonjwa. Sasa zunguka nyumba nzima: bafuni, chooni, maji baridi, maji ya moto. Likisumbua bomba moja tu, tatizo liko hapohapo. Yakisumbua ya moto peke yake, mshuku hita: zima umeme wake, funga maji yanayoingia, kisha tazama kama kichujio cha pale yanapoingilia kimeziba.

Kuna kitu kingine wengi hawakiangalii. Nafunga bomba, nasubiri dakika moja, nafungua tena. Umeona? Yameruka kwa nguvu, halafu yakanywea. Hapo presha ipo, ila njia imebanwa mahali. Yangeanza dhaifu yakabaki dhaifu, ningeshuku presha yenyewe.

Bafuni kwangu maji ni mazuri, kwa hiyo tunabaki jikoni. Mdomoni mwa bomba kuna kichujio. Kifungue kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo ulete plaisi, la sivyo utalichubua bomba. Ila ziba tundu la sinki kwanza! Kile kimpira kikitumbukia humo, basi tena.

Nasogeza kamera. Kimpira, kisahani cha plastiki, wavu. Vipange mezani kama vilivyofuatana. Kwenye wavu kuna punje za mchanga, vipande vyeupe vya tepu ya kuzibia nyuzi za bomba, na haya magamba magumu ni chokaa ya maji. Mchanga unatoka kwa mswaki wa zamani. Chokaa haitoki hivyo; iloweke kwenye siki nyeupe nusu saa. Ukiona vipovu, inafanya kazi. Kichwa cha shawa nacho dawa yake ni hiyohiyo.

Wakati kinalowa, fungua bomba bila kichujio. Yakitoka kwa kishindo, umemaliza. Yangu yameongezeka kidogo tu, kwa hiyo tunaingia chini ya sinki. Mpira huu wa kuunganishia haujajikunja, vizuri. Koki hii ya ukutani je? Inazunguka, inazunguka... Kumbe ilikuwa nusu! Niliwahi kumbadilishia mtu bomba zima, jipya likatoa uzi uleule, kumbe ni koki kama hii. Siku ile sikudai hela ya ufundi.

Sasa wewe ambaye nyumba nzima inasumbua. Nenda kwenye koki kuu ya fleti. Ya mkono: mkono uwe sambamba na bomba, ukikaa msalaba, imefungwa. Ya gurudumu ndiyo tapeli. Ndani yake kuna kizuizi kinachopanda na kushuka, na koki ikizeeka kizuizi huweza kuchomoka kikabaki chini, huku gurudumu linazunguka kama kawaida. Hiyo ni ya kubadilishwa. Usiilazimishe kwa spana, utafurikisha mpaka jirani wa chini.

Koki ikiwa nzima, funga mabomba yote utazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja. Imetulia? Mwulize jirani wa ghorofa yako. Na yeye akilalamika, tatizo si lako peke yako, mtafute msimamizi wa jengo.

Kama maji yanatoka tanki la juu, kumbuka kila mita 10 za kimo zinaleta takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Fleti iliyo mita 3 chini ya tanki inapata bar 0.3 tu, na hapo pampu ina maana. Lakini usiifunge kwenye bomba la pamoja: itanyonya maji ya majirani, na bomba likiwa na ufa, itavuta na uchafu.

Narudi kwenye ndoo yangu. Kichujio kimerudi, koki iko wazi. Sekunde 75. Lita 8 kwa dakika.